Mstari Uliokatika: Michoro ya Kilwa na Macho ya Mwanafunzi

Mchoro wa jengo la kale ni maandiko kama maandiko mengine. Una herufi zake, una sarufi yake, na una siri zake. Ajuaye kuusoma huona ndani yake kuta zikiinuka, mlango ukifunguka, na mwanga ukishuka uani. Asiyejua huona mistari myeusi juu ya karatasi nyeupe. Tofauti ya watu hawa wawili haitokani na akili; hutokana na mazoea. Mtoto aliyekulia katika mtaa wa nyumba za mawe, Lamu au Unguja, amekwisha kupita kizingitini, akakaa darini na kuchungulia zidaka za ukutani mara elfu kabla ya kuonyeshwa ramani ya vitu hivyo. Ramani humkumbusha alichokwisha kukiona. Mwanafunzi wa Hasamba hana cha kukumbushwa.

Hasamba ni kata ya wilaya ya Mbozi, katika mkoa wa Songwe uliogawanywa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ni nchi ya juu, nchi ya Wanyiha, ya mahindi na kahawa, na barabara yake kubwa huishia Tunduma, penye mpaka wa Zambia. Nyumba za huko leo aghalabu ni za matofali ya kuchoma na mabati. Za zamani zilikuwa za miti, fito, udongo na nyasi. Hakuna matumbawe, hakuna boriti za mikoko, hakuna kuba. Kutoka hapo hadi Kilwa Kisiwani, kwa njia ya Dar es Salaam, ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, na mwisho wa mwendo huo ni kuvuka bahari. Walakini historia ya Kilwa husomwa Hasamba kama isomwavyo Kilwa yenyewe, maadam ni historia ya nchi moja. Na katika kuisoma, mwanafunzi hukutana na ramani ya msikiti au ya jumba la kifalme, akaipita haraka kama apitavyo neno asilolijua.

Katika miaka ya karibuni umeenea ufundi uitwao uhalisia ulioongezwa. Mtu huielekeza kamera ya simu yake juu ya karatasi yenye mchoro, na katika kioo cha simu jengo huonekana limesimama juu ya karatasi ile, kuta zake zote na paa zake, hata akaweza kulizunguka na kulichungulia ndani. Wapo waupokeao ufundi huu kama dawa ya umbali: ikiwa mwanafunzi wa Hasamba hawezi kwenda Kilwa, Kilwa na iende kwake. Neno hilo lina ukweli. Lakini lazima liulizwe swali moja kabla ya kulikubali: je, ufundi huu humfundisha mwanafunzi kuusoma mchoro, au humwondolea haja ya kuusoma?

Ili kulijibu, yafaa kwanza kuifahamu sarufi ya mchoro wenyewe. Ramani ya jengo huchorwa kana kwamba msumeno mkubwa umelikata jengo lote kwa ulalo, kiasi cha kimo cha kifua, sehemu ya juu ikaondolewa, na mtazamaji akaangalia chini kutoka angani. Mkato huchorwa kana kwamba msumeno huo umepita wima, kutoka paa hadi msingi, na nusu moja ya jengo ikasogezwa kando. Mchoro wa uso huonyesha upande mmoja wa nje, bila ya umbali kupunguza chochote. Hakuna binadamu aliyepata kuliona jengo kwa namna yoyote katika hizi tatu. Ni namna za kufikiri zilizovikwa sura ya kuona. Msomaji hutakiwa azichukue zote tatu, aziunganishe akilini, na kutoka humo alisimamishe jengo zima. Kazi hiyo ya kuunganisha ndiyo iwashindayo wengi.

Tena kuna alama moja ambayo ni ndogo kwa macho na kubwa kwa maana. Katika desturi ya michoro ya magofu, ukuta uliopo huchorwa kwa mstari mzima, na ukuta unaodhaniwa kuwa ulikuwapo huchorwa kwa mstari uliokatikakatika. Mstari mzima husema, “Hili limeonekana.” Mstari uliokatika husema, “Hili limekisiwa.” Katika alama hiyo pana uaminifu wote wa mwanahistoria. Mchoraji asiyeiweka amesema uongo ijapokuwa kila ukuta aliouchora ni wa kweli.

Kilwa imechorwa mara nyingi, na kila mchoro umebeba macho ya mchoraji wake. Mwaka 1572, katika mji wa Cologne, Georg Braun na Frans Hogenberg walitoa buku la kwanza la kitabu chao kikubwa cha picha za miji ya dunia, na Kilwa ilikuwamo pamoja na Aden, Mombasa na Sofala. Nyumba za picha ile zafanana zaidi na nyumba za Ulaya kuliko za pwani ya Waswahili. Mchongaji alipokosa alichokijua, alijaza kwa alichokizoea, na wala hakuweka alama yoyote ya kumwonya mtazamaji. Kwa hiyo makosa ya kujaza pengo kimyakimya ni ya kale kuliko mashine yoyote.

Michoro ya namna nyingine ilikuja karibu miaka mia nne baadaye. Neville Chittick, aliyeshika kazi ya kuhifadhi mambo ya kale ya Tanganyika mwaka 1957, alichimba Kilwa kwa miaka mingi, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi katikati ya miaka ya 1960, na matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa katika mabuku mawili mwaka 1974. Katika miaka hiyohiyo ya 1960 msanifu majengo Peter Garlake, mzaliwa wa Cape Town, alipita pwani nzima akipima misikiti, majumba na makaburi, na mwaka 1966 akatoa kitabu chake juu ya usanifu wa kale wa Kiislamu wa pwani ya Afrika Mashariki. Ramani na mikato ya watu hawa wawili imekuwa chemchemi ya karibu kila picha ya Kilwa iliyofuata.

Miongoni mwa majengo waliyoyachora lipo Husuni Kubwa, jumba lililojengwa juu ya jabali kando ya bahari katika miongo ya kwanza ya karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye jina lake limeonekana katika jiwe lenye maandishi lililopatikana humo. Jumba hilo lina vyumba zaidi ya 100, lina nyua kubwa zilizofuatana, na birika la kuogea lenye pembe nane. Leo sehemu kubwa ya kuta zake imebaki kimo kidogo tu juu ya ardhi. Garlake aliyachukua mabaki hayo, akayainua kwa kalamu yake, akalionyesha jumba kama ndege alionavyo kwa mshazari, pamoja na paa zake. Ni mchoro mzuri, na wengi hukumbuka mchoro huo kuliko gofu lenyewe. Ndivyo ilivyo nguvu ya sura iliyokamilika.

Ufundi wa kuichanganya sura na kitu halisi una historia ndefu. Yasimuliwa ya kwamba mapema katika karne ya 15, huko Florence, msanifu Filippo Brunelleschi aliichora nyumba ya ubatizo ya mji ule juu ya ubao, akatoboa tundu dogo, akamtaka mtazamaji asimame penye mlango wa kanisa kuu, achungulie kwa nyuma ya ubao, na autazame mchoro katika kioo kilichoshikwa mbele yake. Penye anga hakupaka rangi. Aliweka fedha iliyong'arishwa, ili mawingu ya kweli yapite juu ya jengo la kuchorwa. Mwaka 1968 Ivan Sutherland wa Marekani alionyesha chombo cha kuvaa kichwani kilichoweka mistari ya kompyuta juu ya vitu vya chumbani. Kilikuwa kizito hata ikabidi kining'inizwe darini. Jina la uhalisia ulioongezwa lenyewe lilitiwa katika maandishi mwaka 1992 na Thomas Caudell na David Mizell wa kampuni ya Boeing. Na inafaa kukumbuka walikuwa wakitafuta nini: mafundi wa kiwanda walipaswa kupanga nyaya nyingi za ndege kwa kufuata michoro, na kuielewa michoro hiyo kulikuwa na uzito. Hivyo ufundi huu ulipewa jina lake kwa ajili ya watu walioshindana na mchoro, kama ashindanavyo nao mwanafunzi wa Hasamba.

Mambo yalikwenda mbio baadaye. Mwaka 1999 Hirokazu Kato wa Japani alitengeneza programu iliyoiwezesha kamera ya kawaida kutambua alama nyeusi ya mraba kwenye karatasi na kuweka umbo juu yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 magofu ya Olympia, huko Ugiriki, yaliwekewa mtambo uliomwonyesha mgeni mahekalu yakiwa yamesimama mahali pake. Mwaka 2017 Apple na Google waliwapa watengenezaji wa programu za simu nyenzo za kazi hiyo, na chombo kilichokuwa kikining'inizwa darini kikaingia mfukoni. Utendaji wake si muujiza. Kamera hutafuta katika mchoro pembe na makutano ya mistari yaliyokwisha kuhifadhiwa katika programu. Kwa namna pembe hizo zilivyojipinda mbele ya kamera, simu hukokotoa umbali na mwinamo wa karatasi. Kisha huliweka jengo mahali panapostahili, na hurudia hesabu hiyo mara nyingi katika kila sekunde. Jengo likishapakuliwa katika simu mara moja, mtandao hauhitajiki tena darasani. Karatasi iliyopigwa chapa na mwanga wa dirisha vyatosha.

Na majengo ya kutilia katika vyombo hivyo yapo. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, ulioanzishwa na Heinz Rüther, umepima magofu mengi ya Afrika kwa miale ya leza, na Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni miongoni mwake. Vipimo vya namna hiyo huandika kila jiwe lililosimama, pamoja na nyufa zake.

Faida ya jambo hili isidharauliwe. Mwanafunzi aitazamapo ramani ya nyumba ya Songo Mnara huona vyumba virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine, na hudhani kwamba wenyeji walipenda kukaa kwa kubanana. Mwalimu humwambia sababu: dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haikuweza kuubeba uzito wa mawe na chokaa ikipita upana wa mita tatu hivi. Mwanafunzi huandika maneno hayo na kuyasahau. Lakini paa likiinuliwa mbele yake juu ya karatasi ileile, boriti zikaonekana zimelala kutoka ukuta hadi ukuta, na baadaye paa likaondolewa ikabaki ramani, jicho lake hushika ya kwamba upana wa chumba ulikatwa msituni kabla ya msingi kuchimbwa. Tangu siku hiyo hataona ramani ya nyumba ya pwani bila ya kuona mti ndani yake. Hapo ufundi umemfundisha kusoma.

Vivyo hivyo kwa Msikiti Mkuu wa Kilwa. Ramani yake humchanganya mgeni, kwa kuwa ni majengo ya zama mbalimbali yaliyochorwa juu ya karatasi moja. Ukumbi mdogo wa kaskazini ni wa karne ya 11 au ya 12. Upande wa kusini uliongezwa ukumbi mkubwa mwanzoni mwa karne ya 14. Nao ulianguka, ukajengwa upya katika karne ya 15 kwa nguzo za pembe nane, kuba na matao, na hizo ndizo zionekanazo leo. Kalamu huweza kuzitenga zama hizi kwa rangi tu. Simu yaweza kuusimamisha ukumbi wa kwanza peke yake, kisha wa pili ukaongezwa, ukaanguka, ukainuka kwa sura nyingine. Mwanafunzi hutambua kwamba jengo lina umri kama mtu, na kwamba ramani ni muhtasari wa maisha marefu.

Lakini penye faida hiyo ndipo penye hatari. Kioo cha simu hakijui mstari uliokatika. Ukuta uliopimwa kwa leza na ukuta uliokisiwa mezani huonekana humo kwa rangi ileile na kivuli kilekile. Husuni Kubwa ni mfano bora: wachimbaji waliona dalili kwamba jumba lile halikupata kukamilishwa. Atakayelisimamisha zima, na kuba zake zote, atamwonyesha mwanafunzi kitu ambacho huenda sultani mwenyewe hakukiona. Mfano wa pili ni mji. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na habari za safari yake zautaja mji huo kuwa mzuri na uliojengwa vema, tena zataja ujenzi wa mbao. Hali magofu yote yaliyosimama ni ya mawe. Je, atakayeijenga Kilwa ya mwaka 1331 katika simu ajenge mitaa ya mawe au ya miti? Jibu lolote atakaloweka litakuwa limekwisha kuwa picha kabla ya mwanafunzi kujua kwamba palikuwa na swali.

Mfano wa tatu ni mzito zaidi. Katika zama za Chittick na Garlake wanachuoni wengi waliyahesabu majengo ya pwani kuwa ni kazi ya wageni kutoka Arabuni na Uajemi, na wenyeji wakawa watazamaji katika historia yao wenyewe. Fikra hiyo imepinduliwa na uchimbaji wa baadaye. Huko Shanga, katika visiwa vya Lamu, Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980 chini ya msikiti wa Ijumaa, akakuta misikiti mingine imelaliana, mmoja juu ya mwingine, hadi ile ya kwanza ya karne ya 8. Nayo ilikuwa midogo, ya miti na udongo, iliyojulikana kwa matundu ya nguzo ardhini. Jiwe lilikuja baadaye, hatua kwa hatua, mahali palepale. Huko Songo Mnara nako, kuanzia mwaka 2009, Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher walichunguza nafasi zilizoonekana tupu katika ramani, wakapata humo mabaki ya nyumba za udongo. Nafasi nyeupe ya karatasi ilikuwa na watu. Ramani za mawe hazikusema uongo kuhusu mawe. Zilikaa kimya kuhusu miti, na ukimya ule ulisomwa kama kwamba hapakuwa na kitu.

Ukimya huo ukitiwa katika simu huwa mkubwa zaidi. Atakayeijenga Kilwa kwa mawe tu, akaiweka mbele ya mtoto wa Hasamba, atakuwa amemwambia bila ya maneno kwamba historia ya ujenzi ni ya watu wa mbali, na kwamba nyumba ya babu yake si sehemu ya habari hiyo. Kumbe kinyume chake ndicho kweli. Tundu la nguzo, fito zilizofungwa kwa kamba za miti, udongo uliokandwa kwa miguu, kuta zinazohitaji kukandikwa tena baada ya mvua: mambo haya ambayo michoro ya Kilwa imeyaacha, mwanafunzi wa Hasamba ameyaona au ameyasikia kwa wazee wake. Kuba zimempa tabu, lakini msikiti wa kwanza wa Shanga angeuelewa upesi kuliko mtoto wa nyumba ya ghorofa. Yeye si mgeni kamili katika mchoro. Ni msomaji aliyekuja na nusu ya pili ya kamusi.

Wanachuoni wa ufundi huu wenyewe wameiona hatari iliyotajwa. Mwaka 2006 waliandika kanuni zijulikanazo kama Mkataba wa London, zinazotaka kila sura ya kompyuta ya mambo ya kale ibainishe lipi lina ushahidi na lipi limekisiwa. Jambo hilo lawezekana bila ya gharama kubwa. Ukuta uliosimama uonyeshwe kwa rangi ya jiwe. Uliokisiwa uwe mwepesi kama kioo, macho yapenye. Na palipo na rai mbili, mwanafunzi apewe zote mbili, agusapo kioo ajengewe mtaa wa mawe, agusapo tena ajengewe wa miti. Kwa njia hiyo mstari uliokatika utakuwa umehamia katika lugha mpya bila ya kufa njiani.

Mpango wa somo nao una uzito wake. Simu ikitangulia, karatasi haitasomwa kamwe. Bora karatasi itangulie: wanafunzi wapewe ramani na mkato, na kila mmoja achore kwa penseli jengo analodhani linasimama juu yake. Kisha simu iletwe, na kila mmoja alinganishe sura yake na ile ya kioo. Penye tofauti waulize kosa ni la nani. Maana pengine ni la mwanafunzi aliyesoma vibaya, na pengine ni la kioo kilichojua kupita ushahidi wake. Mwishowe wachukue kamba na futi, waende kwenye nyumba kongwe ya udongo katika kijiji chao, waipime, waichore ramani na mkato, na palipobomoka waweke mstari uliokatika kwa mikono yao. Aliyewahi kuuchora mstari huo mara moja hudanganyika kwa shida.

Haja ya kujua kusoma michoro haitapungua. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Jumba la Ajabu la Unguja, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka ikaua watu. Siku hiyo, kwa sehemu ile, picha na michoro vilikoma kuwa nakala ya jengo, vikawa shahidi wake. Majengo ya miti na udongo huanguka kila msimu wa mvua, Hasamba na kwingineko, na hayatangazwi. Mengi hayana mchoro hata mmoja. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa Kilwa kutenga kilichoonekana na kilichokisiwa anaweza kuianza kazi hiyo nyumbani kwao, akiwa na penseli na kamba, kabla ya masika yajayo.